Siku Tulipotaka Kumrusha Asimwe Darasa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimetoka kwetu Kituntu kwa bodaboda, nimekumbatia bahasha yenye vyeti vyangu vyote, hata cha kipaimara. Nilikibeba hicho kwa sababu nilikuwa nimewaza kwa siku tatu na sikupata hakika kwamba hakitahitajika.

Mwalimu Mkuu alikuja kwa miguu, jembe begani, matope ya shambani kwake yamemfika magotini.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa kujitolea? Kuna mtu anakufukuza?"

"Hapana, mwalimu. Nimewahi tu."

"Basi umewahi sana. Hata mbuzi wa jirani hawajaja kula maua yetu."

Mwalimu wa kujitolea, kwa wale ambao hamjapita njia hii, ni mhitimu anayefundisha huku akisubiri kuajiriwa. Anaweza kusubiri mwaka, anaweza kusubiri minne. Mimi nilisomea kufundisha hisabati sekondari. Mwalimu Mkuu alivitazama vyeti vyangu kimoja kimoja, akafika kwenye cha kipaimara, akanitazama, akavirudisha vyote ndani ya bahasha kwa mpangilio uleule. Kisha akanipa Darasa la Pili.

Shule yetu ilikuwa pembezoni mwa kata ya Kanoni. Upande mmoja ni migomba na kahawa mpaka ukutani mwa vyoo, upande wa pili shamba linakwisha na nyasi zinaanza. Wengi wa watoto wetu walitoka upande wa migomba, kama mimi. Wachache walitoka upande wa nyasi, kwa wafugaji, na hao walifika wakiwa na umande hadi kiunoni.

Jioni ile niliandika andalio la somo la kurasa kumi na moja. Andalio la somo ni karatasi ambayo mwalimu anapanga atakachofundisha, kwa hatua na dakika. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja. Langu lilikuwa na sehemu ya nini nitafanya mtoto akitapika, na nyingine ya nini nitafanya wakitapika wawili. Mwalimu Mkuu alilisoma lote akiwa amesimama.

"Mwalimu, kazi nzuri. Tatizo ni moja. Wao hawajalisoma."

Darasa la Pili walikuwa watoto tisini na wanne. Kila asubuhi niliita majina kwa ajili ya daftari la mahudhurio, na kila asubuhi kazi hiyo ilimeza nusu ya kipindi, kwa sababu akina Jovin walikuwa watatu na kila mmoja aliitikia kwa niaba ya wenzake. Katika wiki ya pili, nikiwa bado kwenye herufi ya B, mtoto mmoja wa kike wa benchi la mbele alisimama.

"Madamu, hayupo Edina, hayupo Jovin wa kwa Mwinjilisti, na hayupo yule mwenye kidonda."

"Umewahesabu?"

"Hapana."

"Umejuaje?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa amejuaje kwamba mvua inanyesha. "Pengo linaonekana," akasema, akakaa.

Nikaendelea kuita mpaka mwisho. Walikosekana watatu, wale wale.

Huyo ndiye Asimwe. Alikuwa na miaka minane, mdogo kwa umbo, anatoka upande wa nyasi. Kwa wiki nzima nilimjaribu bila kumwambia. Nilikuwa namwomba atazame darasa, ananitajia, kisha naita majina yote tisini na manne ili kuhakikisha. Hakukosea hata mara moja. Siku ya Ijumaa nilifunga daftari bila kuita.

Baadaye nikaona ni namna ileile anavyofanya hesabu. Niliandika ubaoni themanini na tatu toa arobaini na saba. Wenzake walichora vijiti na kuvifuta. Yeye akasema thelathini na sita kabla sijaweka chaki chini.

"Njoo ueleze."

Akaja, akagusa ubao kwa kidole. "Kutoka hapa mpaka hamsini pengo ni tatu. Mpaka themanini ni thelathini. Halafu tatu zile."

Hakuna aliyemfundisha hivyo. Mimi mwenyewe nilifundishwa njia hiyo chuoni, mwaka wa pili, ikiwa na jina refu. Nilisimama pale na chaki yangu nikijihisi kama mtu aliyechota maji kisimani akakuta ndoo imepanda na nyota.

Kufikia Oktoba alikuwa amemaliza kitabu cha Darasa la Tatu, alichokiazima kwa majirani, na wakati wa mapumziko alisimama dirishani kwa Darasa la Nne. Ndipo nikaanza kufikiria jambo ambalo shuleni kwetu tunaliita kumrusha mtoto darasa: badala ya kwenda la Tatu mwezi wa kwanza, aende moja kwa moja la Nne.

Kwa mtu kama mimi hilo halikuwa wazo dogo. Nilinunua daftari jipya, nikapiga mstari katikati, upande huu faida, upande huu hasara. Upande wa hasara ulijaa kwanza. Je, akionewa? Je, akichoka? Je, kama si yeye aliye na akili sana, ni mimi niliye na hamu sana ya kuona kitu? Hilo la mwisho nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Nililipeleka suala kwa Mwalimu wa Taaluma, yaani mwalimu anayesimamia masomo na mitihani ya shule nzima. Alikuwa mtu wa Kayanga, mrefu, asiyependa mambo mapya.

"Mwalimu, ndizi ukiikata changa haipikiki, na ukiifukia haiivi. Unabaki na kitu gani?"

"Lakini huyu, mwalimu, amekwisha..."

"Nilimrusha mmoja, miaka ile nikiwa shule nyingine. Kijana ana akili ya kutisha."

"Akafeli?"

"Alifaulu! Alifaulu kila kitu." Akachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka. "Miaka minne sikumwona akicheza na mtu."

Nikarudi kwenye daftari langu, nikaandika: kucheza.

Ningeendelea kuandika mpaka mtoto amalize la Saba, ila baba yake alikuja. Alikuja asubuhi moja, fimbo mkononi, akasimama nje ya ofisi mpaka alipokaribishwa. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa. Alisema mwezi wa kwanza anahamisha ng'ombe kwenda malisho ya upande wa Kyerwa, na familia inakwenda naye. Alikuja kuaga, asije akaonekana amemtorosha mtoto.

"Atasoma shule gani huko?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Tutaona, waitu," akasema, kwa neno la heshima la kwao. "Tutakapotua."

Sisi sote tulijua maana ya hiyo tutaona. Watoto wengi wa upande wa nyasi walipotelea kwenye neno hilo. Nikajikuta nimesimama, nikamwaga yote: mahudhurio, mapengo, kitabu cha la Tatu. Yule baba alisikiliza akitazama sakafu.

"Hata nyumbani yuko hivyo," alisema mwishowe. Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Mimi sikusoma. Siwezi kujua kama ni mtoto wa kawaida mwenye mdomo, au ni kitu kingine. Ninyi ndio mnajua. Mkimpima mkaniambia anafaa kuruka, nitamwacha kwa bibi yake hapa karibu, asome. Mkiniambia ni wa kawaida, nakwenda naye. Mama yake ana kazi nyingi."

Hivyo ndivyo maisha ya mtoto yalivyokuja kukaa juu ya karatasi moja. Mwalimu Mkuu aliamua apimwe kwa maswali kumi ya Darasa la Tatu, mbele ya baba yake na mbele ya Afisa Elimu Kata, ambaye ndiye msimamizi wa shule zote za kata na bila ridhaa yake Mwalimu Mkuu asingemrusha mtu. Kutunga maswali akanipa mimi. Nadhani alitaka kunipa heshima.

Niliyatunga kwa siku nne. Wasiwasi wangu mkubwa ulikuwa kwamba mtoto ataogopa wageni. Basi nikafikiri nimsaidie: nitumie vitu anavyovijua, vya nyumbani kwao. Nilijisifu sana kwa wazo hilo. Maswali manane kati ya kumi nikayajaza ng'ombe. Mwalimu wa Taaluma akapitia namba tu, kama zinajumlishika, akapiga muhuri. Mwalimu Mkuu alikuwa Kayanga kwenye kikao.

Siku ya mtihani Asimwe alikaa peke yake katikati ya darasa tupu, sare imefuliwa, miguu haifiki chini. Sisi walimu na baba yake tulikaa nyuma. Afisa Elimu Kata alikuwa mama mnene mchangamfu mwenye haraka, kofia yake ya pikipiki mapajani. Asimwe alisoma karatasi yote. Akaandika kitu. Akageuza, akaandika kitu kingine. Kisha akalaza penseli juu ya dawati na kukunja mikono, na hatukusikia tena penseli ikigusa karatasi.

Nusu saa ilipokwisha Mwalimu wa Taaluma alisahihisha palepale. Mawili kati ya kumi. Nafasi nane zilikuwa tupu, nyeupe, hata alama ya kufuta hakuna.

"Mwalimu," Afisa aliniambia, kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, "huyu ndiye?"

"Asimwe," nikasema, "mbona hukuandika?"

Akatazama chini.

"Nilisema," Mwalimu wa Taaluma alinong'ona, lakini sikuona furaha usoni mwake.

Baba alisimama, akachukua fimbo yake. "Asanteni, walimu. Mmenisaidia. Nilitaka kujua tu."

Afisa alikwisha kutoka kwenda kwenye pikipiki yake. Mimi nikamfuata yule baba uwanjani, karatasi mkononi. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kuomba radhi, na sikujua kwa kosa gani.

"Shikamoo baba, samahani. Ni maswali rahisi. Anayajua. Nashindwa kuelewa."

"Nisomee," akasema.

Nikasoma la kwanza. "Baba yake Asimwe ana ng'ombe mia moja arobaini na nane. Wakifa thelathini na tisa..."

Aliinua mkono, nikanyamaza.

"Nani kakwambia idadi ya ng'ombe wangu?"

"Hakuna, baba. Nimebuni."

"Na hao wanaokufa?"

"Nimebuni pia."

"Mengine yanasemaje?"

Nikayatazama mengine, nikamsomea moja moja. Katika la pili ng'ombe waligawanywa. La tatu, waliibwa. Swali la sita niliwasombesha na mto.

"Mwalimu, kwenu mnalima?"

"Ndiyo. Kituntu. Kahawa na ndizi."

"Eego," akaitikia kwa lugha ya kwao. "Ng'ombe hawahesabiwi, binti yangu. Anayewahesabu anawaita mauti. Wakija watu wa chanjo huhesabu wao, mimi nageukia kule. Huyu mtoto amelelewa na bibi yake. Hata kuwanyooshea kidole mmoja mmoja hathubutu."

"Sasa wakipotea unajuaje?"

"Nawatazama wanavyoingia. Aliyekosekana anaonekana."

Pengo linaonekana. Nilisimama katika uwanja ule, jua la saa tano kichwani. Mwaka mzima nilikuwa nimeshangaa kipaji kilichotoka mbinguni. Kumbe kilikuwa na anwani. Kilitoka zizini, kwa watu waliokatazwa kuhesabu, wakajifunza kuona kundi zima kwa mara moja kama mtu anavyouona uso wa mamaye.

Asimwe alikuwa amesimama nyuma yetu. Nilichuchumaa. "Yale maswali ya ng'ombe, majibu yake unayajua?"

"Nayajua."

"Hata la mto?"

"Nalo."

"Kwa nini hukuyaandika?"

Alimtazama baba yake kwanza. "Ningeandika," akasema kwa sauti ndogo, "wangebaki hao tu."

Nimesoma vitabu vingi vya hisabati. Sijakutana na mtu aliyeiogopa namba kwa heshima kiasi hicho. Alikuwa na majibu manane kichwani, yanayoweza kumbakisha shuleni, akaweka penseli chini ili ng'ombe wa baba yake wasidhurike.

Nikakimbia. Nilimkuta Mwalimu Mkuu ameshika usukani wa pikipiki ya Afisa, wanaagana. Nilieleza bila kuvuta pumzi. Mwalimu Mkuu alichukua karatasi, akasoma, akaegemea ukuta, akacheka mpaka akatoa leso.

"Mwalimu! Umemwambia mtoto aue ng'ombe wa babaye mbele ya Serikali!"

"Sikujua, mwalimu."

"Hukuuliza. Siku nne umefikiri, hukuuliza hata mtu mmoja."

Hilo lilinichoma, na bado linanichoma. Kisha akamgeukia Afisa: "Mama, nipe dakika kumi."

"Nina shule nyingine mbili."

"Tano."

Afisa hakuvua kofia. Alimwita Asimwe pale pale kando ya pikipiki. Nikasoma lile swali la kwanza, sasa likiwa na miche ya kahawa mia moja arobaini na nane, na ugonjwa ukakausha thelathini na tisa.

"Mia moja na tisa."

"Namna gani?" Afisa akauliza.

"Arobaini ingebakiza mia na nane. Huo mmoja umerudi."

Nikasoma mengine, yote yakiwa kahawa na maharage, akayajibu kama mtu anayeokota vitu vilivyoanguka. Afisa akanikatiza. "Ngoja, nimpe langu. Nina mikungu ya ndizi tisini na mitatu. Pikipiki hii inabeba mitano kwa safari. Safari ngapi?"

"Kumi na tisa," Asimwe alisema. Kisha, akiitazama ile pikipiki, "lakini safari ya mwisho unaweza kumbebea jirani miwili."

Afisa alitoa simu yake na kubonyeza kikokotoo. Alitazama kioo muda mrefu. Akavua kofia.

Mwalimu wa Taaluma, aliyekuwa amesimama mbali, alisogea karibu na kuuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mtoto, ukienda la Nne, utacheza na nani?"

"Na Edina."

"Edina yuko darasa lako."

"Mapumziko ni ya wote," alisema Asimwe.

Mwezi wa kwanza ng'ombe walihamia Kyerwa na Asimwe akabaki kwa bibi yake. Alikaa Darasa la Nne, benchi la mbele, na wenzake wakubwa wakamshikia kikombe cha uji ili asisukumwe kwenye foleni. Kengele ya mapumziko ikigonga alikimbilia kwa Edina, ikigonga ya kurudi alirudi kwa wakubwa. Mwalimu mmoja alitaka kumkataza. Mwalimu wa Taaluma akasema, "Mwache. Ana madarasa mawili."

Sisemi kwamba ilikuwa rahisi. Wiki ya tatu alilia kwa sababu ya kuandika insha, mkono wake ulikuwa mdogo na mistari mingi. Mwezi wa pili hakuzungumza siku mbili, na bibi yake alisema anaota zizi. Nilijaza kurasa nyingine za lile daftari. Hata leo sina hakika ya kila kitu. Lakini yuko la Sita, na likizo ndefu baba yake huja kumchukua, na humsimamisha mlangoni mwa zizi jioni.

Mwalimu Mkuu alistaafu mwaka jana. Siku ya kumuaga alikabidhi ofisi kwa Mwalimu wa Taaluma, akachukua jembe lake kutoka nyuma ya mlango, akatusihi kila mmoja aandike aliyoyaona kazini kabla hayajafutika. Wenzangu walisema kumbukumbu za kazi ni za wastaafu. Mimi nimeandika, ingawa miaka yangu bado ni michache, kwa ajili yenu mnaotoka chuo na bahasha zenu. Fikirini sana, hakuna ubaya. Lakini kabla hamjamwandikia mtoto swali lolote, nendeni mkaulize nyumbani kwao.

Mimi nilipanda na darasa langu kwenda la Tatu mwaka ule aliporuka Asimwe. Asubuhi ya kwanza nilifungua daftari la mahudhurio, nikainua macho ili nianze kuita. Watoto tisini na watatu walikuwa wamekaa, wamebanana, na waliokaa benchi la mbele walikuwa wamekwisha kusogea kuifunika nafasi yake.

Niliiona hata hivyo. Sikuwa nimehesabu.

Sasa nimeajiriwa, nafundisha Kyerwa. Darasani kwangu kuna watoto kutoka mazizi matatu. Kila asubuhi nasimama mlangoni kabla ya kufungua daftari, nawatazama wanavyoingia.